Bamba Lilizunguka, Mkono Ukatulia: Mhadhara Mkuu juu ya Ukoo wa Sadeler

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wageni waalikwa, walimu wangu wa zamani ambao leo mmekuja kuwa wanafunzi wangu, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa. Ningeweza kuizingatia kwa urefu zaidi, maana naijua yote, lakini nimepewa dakika arobaini, kipimo ambacho ni dharau kwa mada na kwa mtoa mada.

Mshereheshaji amenitambulisha kwenu kuwa "mpenzi wa sanaa". Namsamehe. Mpenzi wa sanaa ni mtu anayetundika kalenda sebuleni. Mimi ni Mtaalamu Mwandamizi wa Kujitegemea wa Chapa za Shaba za Flandria, Kitengo cha Ukoo wa Sadeler. Cheo hicho sikupewa na mtu yeyote, jambo linaloondoa kabisa uwezekano wa upendeleo.

Kijana, weka slaidi ya kwanza. Huyu anayeshughulika na projekta ni msaidizi wangu wa utafiti. Jina lake halina umuhimu kwa mada yetu.

Tuingie kazini. Kina Sadeler ni nani? Ni Waflandria. Najua kuna mjuaji pale mbele anayetaka kunyoosha mkono aseme kwamba Brussels na Antwerp zilikuwa Brabant, si Flandria. Mkono huo ubaki mapajani. Waitaliano wa karne ya 16 waliwaita wote waliotoka Nchi za Chini kwa jina moja, Waflandria, na mimi katika hili nasimama na Waitaliano. Jan Sadeler, tunayemwita wa Kwanza, alizaliwa Brussels mwaka 1550 katika jamaa ya mafundi waliotia nakshi kwenye chuma cha silaha na deraya. Raphael, mdogo wake, alizaliwa Antwerp miaka kama kumi baadaye. Wa tatu, aliyewapita wote kwa umaarufu, ni Aegidius, naye wa Antwerp. Vitabu vya zamani vilimfanya mdogo wao. Vya sasa vinamfanya mtoto wa ndugu yao. Mjadala huo umewanyima usingizi wasomi wa Ulaya, watu ambao hawana baba wakubwa wala baba wadogo. Huku kwetu ungeisha kabla chai haijapoa.

Zaidi ya hapo, ukoo huu ulikuwa na ubahili wa majina. Kuna Jan wa Kwanza na Jan wa Pili. Kuna Raphael baba na Raphael mwana. Aegidius naye ana mwenzake wa jina, halafu kila nchi ikambatiza upya: Gillis kwao, Egidio kwa Waitaliano, Jiljí kwa Wacheki. Makumbusho makubwa yamehangaika vizazi na vizazi kupambanua chapa ipi ni ya nani. Mimi sihangaiki. Nikiona "Sadeler" nasema "Sadeler", kwa sauti nzito, na hakuna aliyewahi kuendelea kuuliza.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo mchango wangu kwa taaluma unapoanza.

Mchongaji wa chapa hachori. Anayechora hukimbiza kalamu juu ya karatasi iliyolala. Mchongaji ana kijiti kifupi cha chuma cha pua, ncha yake imenolewa mshazari, na mpini wake wa mbao, mviringo, umekaa ndani ya kiganja. Mbele yake kuna bamba la shaba lililosuguliwa hadi mtu ajione uso, nalo limelazwa juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga. Akitaka mstari ulionyooka, husukuma chuma mbele taratibu, na shaba humenyeka unyuzi mbele ya ncha. Akikandamiza, mstari unanenepa, akilegeza, unakonda. Kivuli chote cha picha, kuanzia giza la pango hadi mng'ao wa hariri, ni mistari inayonenepa na kukonda, mingine ikipita juu ya mingine kwa mkato. Na akitaka mstari uliopinda, mathalani shavu la malaika au tumbo la mtawala? Hapindishi mkono! Mkono wa kulia unatulia palepale. Mkono wa kushoto ndio unaolizungusha bamba juu ya mto.

Kwa msingi huo, na baada ya tafakuri iliyoniweka mbali na majukumu mengi ya nyumbani, natangaza rasmi Nadharia ya Bamba Linalozunguka: ukoo wa Sadeler haukuhama popote. Wao walitulia. Kilichozungushwa chini yao ni bara la Ulaya.

Makofi yanaruhusiwa.

Asante, mama. Wengine naona bado mnatafakari.

Wanahistoria wa kawaida watawapa maelezo mepesi. Watasema Jan alipokelewa katika chama cha mafundi cha Mtakatifu Luka, Antwerp, mwaka 1572, akapata kazi kwa Christophe Plantin, mchapishaji mkubwa wa jiji lile. Watasema Novemba 1576 askari wa mfalme wa Hispania, wakiwa na madai ya mishahara ya muda mrefu, waliivamia Antwerp, wakaua watu kwa maelfu na kuchoma jumba la jiji. Watasema mwaka 1585 jiji lilisalimu amri kwa Alessandro Farnese baada ya kuzingirwa zaidi ya mwaka mzima, Waprotestanti wakapewa miaka minne wauze mali zao waondoke, na Waholanzi wakaubana mdomo wa mto Scheldt hata biashara ikakosa pumzi. Watawaonyesha hesabu: jiji lililokuwa na watu wapatao 100,000 katika miaka ya 1560 lilibakiwa na 42,000 hivi mwaka 1589. Kisha watahitimisha kwamba mtu anayeuza picha huwafuata wanunuzi wa picha, na wanunuzi walikuwa wamekwenda.

Maelezo hayo yana kasoro moja kubwa. Yana ushahidi tu, hayana nadharia.

Endeleeni kulitazama bamba likizunguka. Karibu na mwaka 1580 Jan yuko Cologne. Baada ya miaka michache yuko Frankfurt, mji wa maonyesho makubwa ya vitabu, ambako chapa na vitabu viliuzwa kwa jumla mara mbili kwa mwaka. Mwaka 1588 yuko Munich kwa Mtawala Wilhelm V wa Bavaria. Mwaka 1595 anaikabili Italia: Verona, halafu Venice, na Venice ndiko alikofia mwaka 1600. Raphael yuko naye karibu kila kituo. Watoto wako nao. Mabamba yako nao pia, na hili naomba mlitilie maanani, kwa sababu bamba ndilo shamba la mchongaji: likishachongwa linaweza kutoa nakala nzuri mamia kwa mamia, likichoka linachongwa upya mistari yake, na mwenyewe akifa linarithiwa. Fikirieni shehena ya shaba inayovuka milima ya Alps, na kando yake wake zao, watoto na wanafunzi.

Na katika msafara huo wenye kelele, ukoo huu ulikuwa unachonga nini? Slaidi ya pili, kijana. Walikuwa wanachonga wakaa pweke.

Naam. Kuanzia katikati ya miaka ya 1580 Jan na Raphael walitoa mfululizo wa chapa za watakatifu walioikimbia dunia wakaenda kuishi jangwani na msituni: mzee mmoja na ndevu zake, mti mmoja, pango moja, mkeka, kitabu, fuvu la kichwa la kumkumbusha mauti. Michoro mingi ilibuniwa na Maarten de Vos wa Antwerp. Mfululizo wa kwanza ulikuwa na chapa zipatazo 30, na ulipendwa mno hata wakatoa wa pili mwaka 1594, wa tatu mwaka 1598 na wa nne mwaka 1600. Mifululizo minne ya upweke, iliyotengenezwa na watu ambao hawakuwahi kuwa na chumba cha peke yao! Mkaa pweke mmoja amekaa juu ya jiwe, kimya, hataki kitu cha dunia. Na huku nyuma yake naamini Jan anagombana na msafirishaji juu ya bei ya mizigo. Wateja wao walikuwa watawala, maaskofu na wafanyabiashara waliotaka kuikana dunia kwa kuitundika ukutani, bila usumbufu wa kuondoka.

Mimi mwenyewe ni mkaa pweke wa kitaaluma. Sina taasisi, sina wenzangu, sina ofisi. Lakini tuyaache hayo, Mwenyekiti asije akadhani naomba.

Munich ilikuwa neema. Wilhelm V alijenga, alikusanya, aliajiri, akadaiwa, na madeni hayo yakamwondoa madarakani kabla karne haijaisha. Watawala wa namna hiyo ndio mboji ya sanaa. Kwenye muziki alikuwa na Orlando di Lasso, mzaliwa wa Mons, naye mtu wa Nchi za Chini. Kwenye uchoraji alikuwa na Peter Candid, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Pieter de Witte. Kwa hiyo Jan alipofika hapo alikuta watu wa kwao wamekwisha kukaa vitini.

Na kwa kuwa nimetaja muziki, nitoke kidogo nje ya mstari. Mwaka 1584 Jan alichonga chapa, De Vos akiwa mbunifu, ya Bikira Maria na malaika walioshika kurasa za wimbo, na kwenye kurasa hizo kuna noti za wimbo wa Cornelis Verdonck. Ni noti halali, si mapambo. Sauti zote zimo. Wakikusanyika waimbaji wanaojua kusoma, wanaweza kusimama mbele ya picha na kuiimba. Sasa kumbukeni kwamba karatasi ikigandamizwa juu ya bamba, kila kitu hugeuka: kushoto kuwa kulia, kulia kuwa kushoto. Ili wimbo usomeke, Jan alilazimika kuchonga kila noti, kila mkia wake na kila herufi ya maneno kinyumenyume, juu ya shaba, ndani ya ukurasa mdogo ulioshikwa na malaika. Ajabu hiyo inanishinda kuifanyia kejeli, na mimi si mtu wa kushindwa kirahisi.

Kijana ananipungia mkono kule nyuma. Anataka kuongeza jambo. Hapana, kijana. Slaidi.

Huko Italia walikutana na kazi za Jacopo Bassano, mchoraji aliyependa nyumba za watu, masufuria na mifugo. Kina Sadeler walichonga picha zake 3 ambazo hadi leo wakusanyaji wanaziita "Majiko ya Sadeler". Mada zake, kwa majina, ni takatifu kabisa: Yesu nyumbani kwa Martha na Maria, karamu ya Emau, na yule tajiri na Lazaro maskini. Lakini ukizitazama, unaona kwanza jiko. Moto, chungu, sahani za shaba, kuku aliyenyonyolewa, samaki, mbwa, mwanamke aliyeinama na mwiko. Mwokozi yuko pembeni au nyuma kabisa, amekaa kwa adabu akisubiri chakula. Wanatheolojia wameandika mengi kuhusu mpangilio huo. Mimi ninachosema ni kwamba harufu ya pilau inayoingia humu ukumbini kutokea dirisha la kushoto inathibitisha hoja ya Bassano, na namwomba mhusika afunge dirisha, maana safu mbili za nyuma zimeshaacha kunitazama.

Raphael alirudi Munich baada ya kifo cha kaka yake, na huko yeye na wanawe wakafanya kazi ya kitabu kikubwa cha watakatifu wa Bavaria, ambacho juzuu zake zilianza kutoka mwaka 1615. Jan mdogo akamsaidia. Justus, mwana wa Jan mkubwa, akabaki Venice na biashara ya kuchapisha. Nawapita hawa haraka, si kwa kuwadharau, bali kwa sababu Prague inaniita.

Prague! Kaisari Rudolf II alikuwa amehamishia makao yake huko mwaka 1583. Alikusanya kila kitu: michoro, saa, mawe ya thamani, wanyama wa mbali, wanajimu, watafutaji dhahabu ndani ya chupa. Tycho Brahe alikuwa huko, Johannes Kepler alikuwa huko. Bartholomeus Spranger wa Antwerp alikuwa mchoraji wake. Roelandt Savery wa Kortrijk alitumwa milimani akachore miti na maporomoko ya maji. Mwaka 1597 akaingia Aegidius Sadeler, akawa mchongaji wa Kaisari. Alimtumikia Rudolf, akamtumikia Matthias aliyempokonya Rudolf mamlaka, akamtumikia Ferdinand II aliyefuata. Makaisari watatu, mkono mmoja.

Na hapa, ndugu zangu, nadharia yangu inang'aa. Mwaka 1618 mabwana wa Bohemia waliokasirika waliwatupa nje ya dirisha wawakilishi wawili wa Kaisari pamoja na karani wao. Dirisha lenyewe liko katika kasri la Prague, katika jengo linalopakana na Ukumbi wa Vladislav. Wote watatu walipona. Ulaya ikaingia vitani kwa miaka 30. Mwaka 1620 jeshi la Bohemia likapigwa kwenye Mlima Mweupe, kando ya jiji. Aegidius akakaa. Akachonga. Akafia hapohapo Prague mwaka 1629. Bamba lilizunguka kwa kishindo, mkono haukutikisika. Yule mjuaji wa mbele anataka kusema kwamba Aegidius alibaki kwa sababu alikuwa na ajira. Nimeshawaonya kuhusu maelezo yenye ushahidi tu.

Mtazameni huyu. Slaidi ya nne. Ni Husain Ali Beg, mjumbe wa Shah Abbas wa Uajemi, aliyefika Prague mwaka 1600 kutafuta mshirika dhidi ya Waturuki. Aegidius alimchonga mwaka 1601. Kilemba kimezungushwa mkunjo juu ya mkunjo, na kila mkunjo una uzito wake. Macho yanakutazama kama mtu aliyesafiri mbali na bado hajajibiwa alichokuja kuuliza. Miaka michache baadaye alimchonga mjumbe mwingine wa Kiajemi, kwa heshima ileile. Hakuwafanya vioja. Mtu aliyeishi maisha yake yote ugenini huenda alijua jinsi ya kumtazama mgeni. Sentensi hiyo ilikuwa ya kijana wangu, nami nimeiacha kwa kuwa ni fupi.

Sasa Ukumbi wa Vladislav wenyewe, chapa ya mwaka 1607, kubwa, iliyohitaji mabamba mawili. Ukumbi huo ulijengwa na Benedikt Ried kati ya mwaka 1493 na 1502, mpana kiasi kwamba mashindano ya mikuki yalifanyika ndani, farasi na wapandaji wao. Aegidius anauonyesha ukiwa soko. Juu kuna mbavu za dari zinazopindana kama majani marefu. Chini kuna mabwana wenye kofia, mabibi, mbwa, Waajemi wenye vilemba wakikagua bidhaa, na pembeni vibanda vimepangwa ukutani. Kwenye kibanda kimoja wanauza nini? Chapa! Picha zimetundikwa na wanunuzi wanazitazama. Mchongaji wa Kaisari, ndani ya kasri la Kaisari, anachonga picha inayoonyesha picha zikiuzwa, ili nayo iuzwe. Watangazaji wa biashara wa siku hizi, wenye mabango yao barabarani, wakapige magoti.

Nimefika sehemu ya uchungu, ambayo kama rafiki wa ukoo huu ningependa kuificha. Kina Sadeler walikuwa na udhaifu mmoja wa kitaaluma.

Chini ya chapa, kwa herufi ndogo za Kilatini, waliandika nani alibuni, nani alichonga na nani alichapisha. Kila mtu na jina lake! De Vos alibuni. Andika De Vos. Spranger alibuni, andika Spranger. Mwaka 1598 Aegidius alichonga kichwa cha malaika kutoka kwenye mchoro wa Albrecht Dürer, mtu aliyekuwa amekufa miaka 70 kabla, asiye na uwezo wa kulalamika wala kushtaki. Akamtaja hata yeye. Sijapata kuona kipaji kikubwa namna hii kikikosa ujasiri mdogo namna hii.

Angalau mwaka 1606 alituonyesha dalili ya ukomavu. Alitoa kitabu cha magofu ya Roma ya kale, karibu chote kikiwa nakala ya kitabu cha Mfaransa Étienne Dupérac cha mwaka 1575, ukurasa kwa ukurasa. Na watu hao hao, kina Sadeler, ndio walioomba kwa watawala hati za ulinzi ili mtu mwingine asiwaigie kazi zao! Hapo nilisimama kwenye kiti changu nikapiga makofi. Mtu anayechukua cha mwenzake na kuweka komeo kwenye chake ni mtu aliyeielewa taaluma.

Mfano mzuri zaidi ni mandhari ya jiji la Prague, ya mwaka huohuo wa 1606: mabamba 9, urefu wa mita 3 hivi, kila mnara na kila paa. Aliyeichora ni Philipp van den Bossche. Aliyeichonga ni Johannes Wechter. Sadeler aliichapisha tu, na majina ya wote yameandikwa. Wacheki wanaiitaje mpaka leo? "Mandhari ya Sadeler." Van den Bossche nani? Wechter nani? Natamani kulia kwa furaha. Historia yenyewe ilisahihisha ule unyenyekevu usio wa lazima na kumpa jina mwenye kuchapisha, yaani mtu wa daraja langu.

Naona Mwenyekiti ananionyesha saa. Ninayo saa, Mwenyekiti.

Msiseme nakala ni kitu duni. Kati ya mwaka 1536 na 1540 Titian, mkubwa wa wachoraji wa Venice, alimchorea mtawala wa Mantua makaisari 11 wa Roma. Picha hizo zikauzwa kwa mfalme wa Uingereza, zikaishia Hispania, na mwaka 1734 zikateketea kasri la Madrid lilipoungua. Leo dunia inazijua hasa kupitia chapa za Aegidius Sadeler, ambaye kwenye seti yake alitoa makaisari 12 kamili, akawaongezea na wake zao, maana aliona si vizuri wakae peke yao. Asili ni majivu. Nakala iko kabatini, safi. Mnaelewa ninapoelekea. Wasomi wakubwa walioandika kuhusu mada hii nao siku moja vitabu vyao vitaungua, Mungu apishe mbali, na kitakachobaki ni mhadhara wangu.

Chapa ni nyepesi, na kitu chepesi hufika mbali. Kazi za ukoo huu zilivuka bahari mikononi mwa mapadri na wafanyabiashara. Kule Peru wachoraji walizitumia kuchora picha za makanisani mwao, wakiongeza rangi walizotaka wao. Kule India, katika karakana za Kaisari Jahangir, wachoraji wa Kimughal waliwachukua watu kutoka kwenye chapa hizi wakawapanda katika pambizo za albamu za kifalme, katikati ya maua ya dhahabu. Mtawa wa De Vos, aliyebuniwa Antwerp na kuchongwa safarini, akajikuta miguuni pa Mfalme wa India bila hata kupata muda wa kuvaa viatu. Wengine wanauliza kina Sadeler walifika wapi. Mabamba yao ndiyo yaliyofika. Narudia, wao walikaa.

Swali moja linaulizwa na mama pale: je, nimewahi kufika Antwerp, Munich, Venice au Prague? Mama yangu, wanaofika huko huona majengo. Utafiti unahitaji umbali. Anayesimama karibu na chapa huona mistari. Anayesimama mbali huona picha. Nami nimesimama mbali kuliko mtaalamu yeyote aliye hai.

Na nimalizie na kisa cha Joachim von Sandrart, kijana wa Kijerumani aliyekwenda Prague mwaka 1622 kumwomba Aegidius amfundishe kuchonga. Mzee alimpokea, akazitazama kazi zake, akamshauri aachane na shaba akashike brashi. Sandrart akatii, akawa mchoraji mwenye jina, na uzeeni akaandika kitabu kikubwa cha maisha ya wasanii, akimtaja mzee wake kwa heshima. Wengi wanaona hapo hekima ya fundi aliyejua gharama ya kazi yake kwa macho na mgongo. Mimi naona uzembe. Kijana mwenye kipaji akija mlangoni kwako humrudishi! Unamkalisha, unampa kazi, unampa nauli, na kazi ikikamilika unaweka jina lako.

Mwenyekiti amesimama, nami nimeelewa. Hakutakuwa na muda wa maswali, jambo linalonisikitisha kuliko mnavyoweza kuamini.

Matangazo mawili. Mhadhara huu umechapishwa kuwa kijitabu chenye picha, jina langu likiwa juu, chini na mgongoni. Kinapatikana pale mlangoni kwa bei ambayo, ukilinganisha na bamba moja la shaba, ni sadaka. Ni marufuku kukitoa fotokopi, kukinukuu au kukisoma kwa sauti mbele ya watu wawili bila idhini yangu ya maandishi. Pili, atakayekuwa anawauzia ni kijana wangu wa utafiti. Lipeni, pokeeni chenji, mkaendelee na pilau. Msimuulize maswali. Ana tabia mbaya ya kujibu.